Jina la Mwanarusi Pangoni

Sehemu ya Sita

Jumanne, tarehe 10 Julai, mwaka 1956, saa tano na nusu za mchana, maji yakiwa yamekupwa mpaka miambani, ndipo nilipojiharibia mambo kwa kinywa changu mwenyewe. Yaliyotangulia niliharibiwa na wakubwa. Hili nalikubali nusu. Nusu ya pili ni ya mudir, mkubwa wetu wa serikali.

Kwa ambaye hakusoma wiki zilizopita: mimi ni Tsuma wa Kinondo. Mke wangu Mwanaima, mama wa mwanangu Chiku, alikufa mwaka juzi akijifungua, na gari la serikali ambalo lingemfikisha hospitali lilikuwa limekwenda Likoni kupokea Wazungu waliokuja kutazama bahari. Bahari ingeweza kungoja. Mwanaima hakuweza.

Kisha akafa mjomba wangu Sefu, mlinzi wa pango la Mwinga. Kwetu Wadigo, tangu zamani, kazi ya mjomba humwendea mpwa, na mpwa ni mimi. Mudir akaitisha baraza akasema zama hizo zimepita, sasa ni sheria ya dini, mwana humrithi babaye. Pango likapewa binamu yangu Mbwana. Mimi ni Mwislamu na sheria naiheshimu. Ninachouliza ni kwa nini mudir yule huikumbuka sheria siku yangu tu.

Basi nilibakiwa na tumaini moja. Nilimposa Mwanarusi, mjane anayeuza mikate ya sinia, mtu wa Waa. Hakunikubali wala hakunikataa. Alisema, "Baba Chiku, ningoje Iddi ya kuchinja. Siku hiyo nitakujibu." Iddi ilikuwa imebaki siku tisa.

Asubuhi ile nilikuwa naelekea konde, jembe begani. Nikaona karatasi imebandikwa ukutani kwa Kenga, fundi cherehani, pale Diani. Mimi nilisoma darasa mbili, na ya pili sikuimaliza.

"Kenga, nisomee."

"Kwani macho yako yana nini?"

"Macho yapo. Nisomee."

Kenga alitia sindano mdomoni, akaitoa, akasoma. "Mahali pa kutazama bila malipo, kwa wageni wa hoteli na wapita njia. Kwanza, msikiti wa kale. Pili, mdomo wa mto. Tatu, mbega wa msituni. Nne, mchanga unaotokea kati ya bahari maji yakikupwa. Tano, viti vya pweza miambani. Sita, makaburi ya mawe. Saba, pango la Mwinga."

"Nani kaandika?"

"Ofisi ya mudir."

"Jina la mtu limo?"

"Limo. Mwonyeshaji, Mbwana bin Sefu."

"Na langu?"

Kenga aliibandua karatasi upande mmoja akachungulia nyuma yake. "Huku hamna kitu," alisema.

Mahali pote saba nilimfundisha mimi. Mbwana akiwa mdogo nilimshika mkono mwambani asikanyage miba ya bahari. Miaka saba niliwaonyesha wageni pwani hii, bila karatasi, bila kibati kifuani. Aliyenishukuru alinishukuru, asiyenishukuru alikwenda zake.

"Hata mbega wamewaandika," nilisema.

"Mbega hawana pa kushtaki." Kenga alirudi kwenye cherehani yake. "Wakitaka, waniandike na mimi. Cherehani hii ni kongwe kuliko huo msikiti. Lakini ukienda haraka utawakuta. Wamepita sasa hivi. Wazungu watano, Mbwana na kofia yake ya fezi, na Bi Mwanarusi nyuma na sinia."

"Mwanarusi wa wapi?"

"Tsuma, tuna Mwanarusi wangapi? Amepewa kazi ya kuwalisha wageni. Mbwana ndiye aliyemsemea kwa mudir."

Jembe nililiacha palepale. Kenga alinipigia kelele nirudi nilichukue, nami sikugeuka.

Niliwakuta msikitini. Wazungu wamesimama nje ya ukuta, wanaume watatu na wanawake wawili, na mmoja wa wanawake hao ni bibi mzee mwenye mwavuli mweusi. Mbwana yuko mbele yao, kanzu imepigwa pasi, kibati cha shaba kinang'aa kifuani kama jicho la samaki.

"Shikamoo, kaka," alisema aliponiona.

Salamu ya mdogo wako huwezi kuiacha. "Marahaba," nikajibu, na ilinitoka kama mfupa.

Akaendelea kuwaeleza. "Msikiti huu ulijengwa na mtu mmoja, kwa usiku mmoja."

"Na chokaa ikakauka saa ngapi?" niliuliza.

Yule bibi alikijua Kiswahili cha bara. Alicheka mpaka mwavuli ukatikisika. "Mzee, wewe nani?"

Nilitaka kusema mimi ni mlinzi wa pango. Nilitaka kusema mimi ni mwenye haya yote. "Ni ndugu yake," nilisema.

Mbwana naye akacheka. Hilo ndilo linaloniudhi kwa Mbwana, ukimchoma hucheka. "Kaka ananishinda," aliwaambia wageni. "Kaka, hebu waeleze wewe."

Nikawaeleza habari za mawe ya matumbawe, namna yanavyochongwa yakiwa bado mabichi, na tanuri za chokaa. Walisikiliza vizuri. Ningefurahi. Lakini kupewa ruhusa ya kusema na mtu niliyemfundisha kusema kuliniuma kuliko kunyimwa.

Halafu nikamwona Mwanarusi. Alikuwa amesimama kando, sinia kichwani, kawa juu ya mikate, na juu ya kawa fezi ya Mbwana. Kofia ya mwanamume juu ya kichwa cha mwanamke niliyemposa, mchana kweupe, mbele ya Wazungu watano.

Tulishuka pwani. Mbwana akawa anawaonyesha wageni viti vya pweza, vile viumbe vya umbo la nyota, katika madimbwi, vyekundu na vya rangi ya udongo, na kila mara alimwita. "Mwanarusi, lete maji. Mwanarusi, mwambie bibi asikishike hicho. Mwanarusi, umeona huyu?" Nilihesabu mara tisa. Mimi miezi minne nimemposa na jina lake nilikuwa nimelitaja mara chache kuliko hizo, kwa heshima.

Nilipopata nafasi nikamsogelea.

"Bi Mwanarusi."

"Labeka, Baba Chiku."

"Hiyo kofia."

"Ina nini?"

"Imefikaje hapo?"

"Upepo ulikuwa unaichukua. Ningeiacha iende Pemba?"

"Kichwa anacho mwenyewe."

"Na mikono alikuwa amemshika yule bibi asiteleze." Alinitazama kuanzia miguuni. "Umeacha konde kuja kuuliza habari za kofia?"

"Nimekuja kuuliza tangu lini Mbwana anakutafutia kazi."

"Tangu nilipokwenda mwenyewe kumwomba. Unga haushuki kutoka mbinguni. Wewe hukuniuliza nakula nini, uliniuliza nitaolewa lini."

Hapo ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini Mbwana aliita tena, "Mwanarusi, njoo uone," na damu ikanipanda.

"Karatasi ya mudir ina vitu saba vya kutazamwa bure," nilisema. "Naona wamesahau cha nane."

Aliitua sinia. Aliitua polepole, juu ya mwamba mkavu, kisha akasimama sawasawa.

"Rudia."

"Umesikia."

"Nimesikia. Nataka urudie nijue kama ulikusudia."

Sikurudia.

"Marehemu mume wangu alikuwa mkali," alisema, "lakini neno kama hilo hakunipa. Jibu lako nilikuwa nalo tangu Ijumaa, Baba Chiku. Nilitaka kulitunza mpaka Iddi. Sasa sijui."

"Jibu gani?"

"Hilo hilo ambalo sasa sijui."

Alijitwika sinia akaenda. Nami badala ya kumfuata nimwombe radhi, nilibaki pale nikimchukia Mbwana. Nilijiambia, huyu amekula pango, amekula kazi, sasa anakula na jibu langu lililokuwa tayari. Ndipo lilipokuja wazo.

Pango la Mwinga mlango wake unatazama bahari. Unaingilika maji yakikupwa sana tu. Kuna miiko yake, na mtoto yeyote wa Kinondo anaijua. Viatu na kofia vinabaki nje. Unajifunga kaniki kiunoni. Mlinzi anapiga hodi mara tatu ananyunyiza marashi. Na mle ndani hapatajwi jina la mtu. Jina likitajwa mle hubaki mle. Mwenyewe atatoka, atakula, atacheka, lakini hatafunga safari, hatapanda mbegu, hataoa wala hataolewa, mpaka mlinzi aingie alirudishe. Na lazima alirudishe kabla ya maji ya siku ileile kupanda kizingitini. Yakishapanda, jina hukaa mwaka mzima, mpaka mwezi huohuo uandame tena.

Maalimu wetu husema huo ni ushirikina. Mkewe huleta marashi kila bamvua, siku za maji makubwa.

Sasa Mbwana, kwa mdomo wake ule, "Mwanarusi, Mwanarusi," angewezaje kuingia mle asiteleze? Atalitaja tu. Nami nitakuwa nyuma, shahidi. Nitawaita wazee wa Kinondo, watasema huyu hafai, na hukumu ya mudir itaoza kwa aibu. Nililiona jambo zima. Nililiona likiwa tamu.

Tulifika mlangoni. Mbwana alipiga hodi vizuri, nakubali. Marashi alinyunyiza. Aliwagawia wageni kaniki, akawaambia kwa upole, "Humu ndani sote ni wageni. Usimwite mwenzako kwa jina lake." Yule bibi mwenye mwavuli aliuliza kwa nini, Mbwana akamwambia ni adabu ya nyumba. Wakaingia mmoja mmoja. Niliona kaniki ya Mwanarusi ikipotea gizani. Nikaingia mimi, nikapita ukutani, mpaka kule ndani kabisa ambako mwanga wa mlango haufiki.

Nilisubiri Mbwana akosee.

Palikuwa kimya. Popo walikuwa wakijisogeza juu. Kisha nikasikia kicheko cha Mwanarusi. Si kile cha sokoni. Kilikuwa cha chini, cha mtu anayenong'onezwa sikioni, na baada yake kishindo kidogo cha miguu, kama watu wawili wanaokaribiana.

Miezi minne sijawahi kusikia kicheko kile. Nilimwona Mbwana kwa macho ya moyo, mkono wake mahali ambapo hata mimi sijathubutu kuweka wangu.

"Mwanarusi!"

Ilikuwa sauti yangu. Pango likaichukua likaipeleka ndani, likairudisha, likaipeleka tena. Mwanarusi, rusi, rusi. Popo wakatoka wote kwa mara moja, wakapita vichwani mwetu kuelekea kwenye mwanga.

Mmoja wa wale Wazungu akawasha kiberiti. Mwanarusi alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka kwangu, amemshika mkono yule bibi mzee, na bibi bado mdomo uko wazi kwa kucheka. Walikuwa wawili tu.

Kutoka mlangoni nikamsikia Mbwana. Alikuwa nje wakati wote huo, anamfunga kaniki Mzungu mnene aliyeshindwa kuifunga.

"Nani ametaja jina humo?" aliuliza.

Kiberiti kikazimika.

Tulitoka nje. Wageni walijua kuna jambo, wakaenda kukaa penye kivuli. Mwanarusi alivua kaniki, akaikunja, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama leso.

"Wewe ni mpwa wa mzee Sefu," aliniambia. "Ungekuwa mgeni ningekusamehe."

"Nilidhani..."

"Najua ulidhani nini."

Na mudir naye hakosi. Alikuwa ameacha gari juu, akateremka kuja kuwasalimu wageni, suruali fupi nyeupe, bakora kwapani. "Kuna nini hapa? Mbona wageni hawajala?"

Mbwana akamweleza. Mudir akasikiliza, akacheka puani. "Upuuzi. Mwaka elfu moja mia tisa hamsini na sita mnaniletea habari za majina." Akatazama mlango wa pango. Akakohoa. "Langu halikutajwa lakini?"

"Hapana, bwana mudir."

"Vyema. Upuuzi mtupu." Akasogea hatua mbili mbali na mlango. "Sikilizeni. Mlinzi ni Mbwana, kwa hukumu ya baraza. Mbwana, ingia ulirudishe hilo jina, mambo yaishe, watu wale mikate. Na wewe Tsuma, leo ndiyo mwisho wako mle. Ukikanyaga tena, miezi mitatu utaila Kwale ukivunja mawe."

Nilitazama chini. Nilijua kitakachofuata. Mbwana ataingia, atalirudisha jina, atatoka shujaa, na mimi nitabaki kuwa mtu aliyempigia makelele mchumba wake gizani.

Mbwana hakuondoka.

"Ingia," mudir alisema.

"Siwezi, bwana mudir."

"Huwezi nini? Unaogopa popo?"

"Maneno sina." Mbwana alikuwa ananitazama mimi. "Jina halirudi mpaka kwa maneno. Baba hakunipa. Alimpa kaka Tsuma, mwaka mmoja kabla ya kufa. Mimi hodi naijua na marashi nayajua, kwa kuwa kila mtu anavijua. Tangu hukumu ile nimekuwa nikiomba Mungu jina lisitajwe humo."

Sitawaficha. Moyo wangu ulikuwa mtamu. Tangu Mwanaima azikwe haukuwahi kuwa mtamu hivyo. Kibati kwa Mbwana, hukumu kwa Mbwana, kanzu ya pasi kwa Mbwana, na ndani yake hamna kitu. Mjomba aliniachia mimi. Mudir na karatasi yake hawakujua hata cha kuandika.

"Basi Tsuma na aingie," alisema Mwanarusi.

"Haingii," alisema mudir. "Nimeshatoa amri mbele ya watu. Nikiirudisha leo, kesho mtanitaka nirudishe na kodi."

"Bwana mudir, mimi ndiye niliyemo."

"Wewe umo hapa, nakuona. Na si wewe uliyeniteua."

Aliondoka kwenda kuwapa wageni mkono. Wakubwa ndivyo walivyo, wakishafunga mlango huenda kusalimiana.

Mbwana alinisogelea. Fezi alikuwa ameitwaa tena kwenye sinia, sasa akaivua. "Kaka, nipe hayo maneno. Yaseme sasa, niyashike, niingie. Sikuombi kwa ajili yangu."

"Unajua yakoje, Mbwana."

"Najua."

Na ninyi mjue. Maneno yale hutolewa mara moja. Mzee akishampa mtu, yeye mwenyewe hana tena. Akiyasema ni sawa na kupiga miayo. Mjomba aliponipa, alilala siku mbili bila kusema, kama mtu aliyeng'olewa jino. Nikimpa Mbwana, nimempa pango kwa kinywa changu, mbele ya mudir, na hakuna baraza tena duniani litakalonirudishia. Kila kitu cha mjomba kitakuwa kwake, na nitakuwa nimekubali.

"Nikikupa," nilimwuliza, "ukishamtoa mle, utamposa?"

 Mbwana aligeuza fezi mkononi, akaitazama ndani kama kuna jibu limeshonwa.

"Kaka, hilo usiniulize leo."

Basi ni kweli. Niliyoyaona gizani hayakuwako, lakini niliyoyahofia yako. Nilihisi kama mtu aliyepigwa bure halafu akaambiwa kosa analo.

Maji yalikuwa yameanza kurudi. Povu la kwanza lilipita kwenye mchanga mbele ya kizingiti, likaacha mstari, likavutwa. La pili lilifika mbele kidogo. Nilipiga hesabu: saa moja haifiki.

Nikimpa maneno, Mwanarusi yuko huru, huru kuolewa na yeyote, na huyo yeyote amesimama hapa na kanzu yake. Nikikataa, hataolewa na Mbwana, wala na mimi, wala na mtu, mwaka mzima. Na Mungu anisamehe, kuna sehemu ya moyo wangu ilisema, mwaka mmoja si mwingi.

Mwanarusi aliiona hiyo sehemu. Sijui aliionaje. Aliiacha sinia mwambani, nzi wakitua juu ya kawa, akaja akasimama mbele yangu, maji yakimfika vifundoni.

"Miaka miwili tangu nifiwe na mume wangu," alisema, "nimekaa nikiambiwa na watu lini nitoke na lini nisitoke. Eda nikakaa. Shemeji zangu wakasema ngoja, nikangoja. Wewe ukaja, nikasema huyu naye amefiwa, huyu anajua."

Mbwana aligeuka akatazama baharini. Mudir kule kivulini alikuwa anacheka na wageni, mkate mkononi.

Povu lilifika kizingitini, likagusa jiwe, likarudi.

"Sasa niambie," alisema Mwanarusi. "Unampa maneno, au unaniacha mle?"